Meza ya Sarafu

Katika baa za Songea, toka Mfaranyaki mpaka Bombambili, meza ya puli yaweza kuwa na mabwana wawili na isiwe na mlezi. Mwenye meza huja na ufunguo wa kisanduku cha fedha, bila pimamaji. Mwenye baa, apataye sehemu ya mapato kwa nafasi aliyoitoa, husema meza si yake.

Sakafu hutitia, na mguu mmoja hutiliwa kipande cha boksi. Toka Desemba hata Aprili mvua huleta unyevu. Kitambaa hulegea, na tufe lililopigwa sawa hupinda kama mlevi aendaye kwake. Tufe jeupe hufanywa kubwa kidogo kuliko mengine, au hutiwa sumaku, ili meza ilirudishe peke yake. Kubwa hilo likilika kwa kugongwa, meza hulimeza, na sarafu nyingine yadaiwa.

Kijana hulaumiwa kwa kupoteza wakati (mwaka 2016 Rais Magufuli aliwakemea wachezao asubuhi), wala hakuna aulizaye kama ameuziwa alicholipia. Amenunua uwanja wa haki. Akishindwa, hajui kama ameshindwa na mwenzake au na mteremko. Mzoefu wa meza ile aujua mteremko, huutumia, akaitwa bingwa. Siku akutanapo na mgeni mwenye macho, fimbo hugeuka silaha.

Dawa yake ni brashi kila asubuhi, turubai usiku, pimamaji kila mwezi, na kitambaa kipya cha zamani kichakaapo. Bei ya kitambaa hicho imekwisha kulipwa na wachezaji, sarafu kwa sarafu, nayo imo kisandukuni.