Ukimpokonya mtoto simu, unampa nini?

Wasee, kila mtu anasema mtoto wa praimari apimiwe muda wa simu. Mimi pia nasema. Lakini nani atapima? Hapa Ruiru mzazi anapanda 145 kwenda tao kabla jua lichomoze, anarudi usiku. Thika ni vivyo hivyo na 237. Simu ndiyo inabaki yaya. Halafu homuweki nayo inatumwa kwa WhatsApp, so hiyo simu ni kitabu, ni katuni, ni gemu.

Mwaka wa 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwawekea watoto wa miaka 5 hadi 17 idadi ya saa. Lilisema skrini ya kujiburudisha ipunguzwe, na mwili usonge wastani wa dakika 60 kwa siku. Sasa zisongee wapi, kwa ngazi za ghorofa?

Hapo ndipo sisi ndugu wakubwa tunaingia. Homuweki kwanza, nusu saa ya katuni, kisha simu iwekwe juu ya kabati. Halafu mshukishe chini mcheze kati, bano ama brikicho. Na kama wewe umeshinda TikTok saa tatu mfululizo, huna mdomo wa kumwambia azime.