Picha Kubwa na Kiti cha Bibi

Aliyenunua chombo chenye nguvu huona hasara kukitumia kwa kiasi. Ndivyo wafikirivyo wengi waletapo nyumbani projekta, ile mashine ya kurusha picha ukutani. Hutaka kwanza picha ijaze ukuta, kisha ndipo waulizane watu wakae wapi. Nyumba moja ya Gisenyi, mji wa Rwanda ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu, ilifunzwa jambo hilo na sebule yake yenyewe, ambayo urefu wake haupiti mita 4.

Bwana wa nyumba alitaka picha ya inchi 100, ikipimwa kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Picha ya kiasi hicho, kwa umbo la kawaida la siku hizi, ina upana wa sentimita 221. Kijitabu cha mashine kilieleza kwamba umbali kutoka ukutani ni mara moja na nusu ya upana wa picha. Hivyo mashine ilipasa kukaa mita 3.3. Lakini mahali hapo palikuwa na kiti cha Bibi, mama yake mzazi. Ikashauriwa Bibi ahamie pembeni, karibu na mlango. Bibi hakusema neno. Alichukua kikapu alichokuwa akisuka, akaenda zake jikoni.

Mke wa nyumba alitambua maana ya kimya kile. Bibi hupenda filamu za agasobanuye, ambazo msimulizi huyafasiri mazungumzo kwa Kinyarwanda. Maandishi hayamsumbui, ila nyuso za watu hutaka kuzitazama mkabala, wala si kwa upande. Mke akashika utepe wa kupimia, akaipunguza picha hadi inchi 80. Upana ukawa sentimita 177, na mashine ikasogezwa hadi mita 2.66, juu ya meza fupi mbele ya kiti kile. Bibi akarejea mahali pake. Tena picha iling'aa zaidi, kwa kuwa mwanga ule ule ulienea katika eneo lisilofika theluthi mbili za lile la kwanza.

Yako mambo mengine ya kuangaliwa. Meza iwe sawasawa, kwani mashine ikiinuliwa mdomo, picha hupanuka juu na kubana chini. Ingawa mashine nyingi zina kitufe cha kurekebisha kasoro hiyo, urekebishaji huo hupunguza ukali wa picha. Ni bora kuisawazisha meza kwanza. Gisenyi inaelekea magharibi, na jua la jioni huingia kutoka upande wa ziwa. Ukuta unaokabili dirisha la upande huo haufai kabla ya giza, isipokuwa pawepo pazia zito. Na anayetaka kuining'iniza mashine darini akumbuke matetemeko yaliyofuata mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, yaliyopasua kuta za nyumba nyingi za Rubavu. Kitu kizito hakitundikwi juu ya vichwa vya watu kwa msumari mmoja.

Pazia kubwa lina mahali pake. Tamasha la Filamu la Rwanda, lililoanzishwa na Eric Kabera mwaka 2005, lilijulikana kwa kupeleka sinema vijijini, milimani, kwa pazia linalojazwa hewa. Huko watu husimama mbali, na picha haina budi kuwafikia wote. Sebuleni watu wamekaribiana, na kipimo ni kingine.

Kwa hiyo apimaye na aanze na viti, hasa kile cha mkubwa wa nyumba. Kisha apime ukuta. Mashine iwe ya mwisho. Picha iliyopungua inchi 20 husahaulika jioni ile ile, bali mzee aliyeondolewa mahali pake hasahau upesi.