Nyumba Iitwayo Ardhi

Sisi tunaoishi Edinburgh tumezoea kuulizwa swali moja kila tupigapo simu nyumbani: "Kiwanja mmeshapata?" Ukijibu kwamba unakaa ghorofa ya tatu, chini yako kuna watu na juu yako kuna watu, wazee huguna tu. Kwa wengi wetu ghorofa ni mahali pa kupitia, ardhi ndiyo mali. Leo tungependa kuzungumzia neno moja la kale la Waskoti linalogusa jambo hilo hilo. Neno lenyewe ni "land".

Hata asiyejua Kiingereza kingi anajua kwamba "land" ni ardhi. Lakini katika miji mikongwe ya Uskoti neno hilo lilikuwa pia jina la jengo refu la mawe, lenye ghorofa kadhaa na familia nyingi ndani yake. Lililotazama barabara liliitwa "foreland", na lililobanana nyuma yake liliitwa "backland". Makazi ya kila familia, hata yakiwa chumba kimoja, yaliitwa nyumba. Basi mtu aliweza kulala juu kabisa karibu na mawingu, na bado akasema anakaa kwenye ardhi ya fulani.

Ilikuwaje? Mji wa kale wa Edinburgh umekaa juu ya mgongo wa kilima, ukiteremka kutoka kwenye ngome. Viwanja vilikatwa vyembamba na virefu, vikianzia barabara kuu na kushuka ubavuni mwa kilima. Kiwanja cha namna hiyo kiliitwa "land", na pia "tenement", neno lenye asili ya Kilatini ambalo maana yake ni kitu ulichokishika. Watu wakaongezeka. Ukuta wa mji, ulioanzwa baada ya Waskoti kushindwa vita vya Flodden mwaka 1513, ukawabana. Hawakuwa na pa kwenda ila juu. Jengo likapanda, na jina la kiwanja likapanda nalo.

Wenzetu mlioko Marekani mkisikia "tenement" huenda mkafikiria vyumba vya mafukara wa New York ya zamani. Hapa sivyo. Tenement ni jengo lolote la namna hii, la tajiri au la maskini, na nusu ya watu tunaowajua mjini hapa wanaishi humo. "Land" ndilo lililobaki kwenye vibao na majina ya kale. Maarufu kuliko yote ni Gladstone's Land, katika mtaa wa Lawnmarket. Mfanyabiashara Thomas Gledstanes na mkewe Bessie Cunningham walilinunua jengo hilo mwaka 1617, wakaliongeza kwa mbele, wakakaa humo na kupangisha sehemu nyingine. Katika miaka ya 1930 lilikuwa limechakaa hata likapangiwa kubomolewa, likaokolewa na shirika la kuhifadhi mali za kale la Uskoti. Leo ukilipa kiingilio unaweza kuliona kwa ndani.

Lipo jambo jingine lililotupendeza. Zamani, mtu akinunua ardhi Uskoti, alikabidhiwa udongo na jiwe mkononi, pale pale mahali penyewe, mbele ya mashahidi. Sheria iliondoa ulazima wa desturi hiyo mwaka 1845. Hati ilikuwa karatasi, lakini mali ilikuwa udongo ulioushika.

Wenzetu wa Mombasa watakuwa wameshacheka, kwani kwao ipo "nyumba bila ardhi": nyumba yako, kiwanja cha mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Kule nyumba na ardhi vimetenganishwa. Huku vimeunganishwa hata jina likawa moja. Swali lililo chini ya yote mawili ni lile lile: aliye ndani ya nyumba ana haki gani juu ya kilicho chini yake?

Na swali hilo si la kupitishia wakati. Usiku wa tarehe 24 Novemba 1861, jengo moja la kale kwenye barabara kuu ya Edinburgh, pale Paisley Close, liliporomoka na kuua watu 35. Kijana mmoja aliyefukiwa alitolewa hai baada ya waokoaji kusikia sauti yake, na sura yake imechongwa juu ya mlango wa kichochoro hicho mpaka leo. Mwaka uliofuata mji ulimteua Henry Littlejohn kuwa mganga wake mkuu wa afya, wa kwanza kabisa. Waswahili tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale hata wa kujenga ukuta hawakubaki.

Tunayasema haya kwa sababu mwenzetu mmoja, mwenye nyumba ya ghorofa ya chini, aliletewa barua ya kuchangia matengenezo ya paa. Akatuuliza: "Inayemvujia ni jirani wa juu. Kwangu pakavu. Nilipe nini?" Kwa desturi ya zamani ya sheria za hapa angekuwa na hoja, maana paa lilikuwa mzigo wa mwenye ghorofa ya juu, hati zisiposema vingine. Lakini sheria ya tenement ya mwaka 2004 imebadilisha mambo. Hati zikinyamaza, aliye juu bado ndiye mwenye paa lililo juu yake, na aliye chini ndiye mwenye ardhi iliyo chini yake, ila gharama za kulitunza paa ni za wote. Uamuzi wa matengenezo hupitishwa kwa wingi wa kura, nyumba moja kura moja. Ngazi na ujia wa kuingilia ni mali ya wote wanaopitia humo.

Sheria hiyo inakwenda mbali zaidi. Jengo likibomolewa, haki haziishi. Kiwanja kinaweza kuuzwa, na kila mwenye nyumba, hata yule wa juu kabisa aliyekuwa akiishi hewani, ana fungu lake katika fedha hizo. Neno la kale lilisema kweli: nyumba ile ilikuwa ardhi.

Wengi wetu bado ni wapangaji, na fungu hilo si letu. Lakini ngazi ni zetu sote. Upo utaratibu wa zamani wa kutundika kadi kwenye kitasa cha jirani, kumjulisha kwamba wiki hii ni zamu yake ya kusafisha ngazi. Akimaliza, naye huipeleka kadi mlango unaofuata. Ikifika kwako, ndugu, usiivue ukaiweka kabatini. Piga deki, kisha uipitishe. Na wazee wakiuliza tena habari za kiwanja, wajibuni kwamba kule tulikofika ardhi ina ngazi, nasi tuna zamu yetu ya kuitunza.