Kabla ya Kulenga, Tujue Tunacholenga



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine hamkulitarajia katika tafakari zetu: bunduki na shabaha. Msishangae. Bwana wetu alifundisha kwa habari za nyavu, mbegu na chachu, yaani kwa vitu vilivyokuwa mikononi mwa watu waliomsikiliza. Nasi tunaishi pembezoni mwa Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambako nguruwe pori na nyani hawajui mpaka wa shamba la mtu. Bunduki ni sehemu ya maisha ya baadhi yetu.

Mwezi Juni uliopita, baada ya Misa huko Munisagara, mzee mmoja alituomba tumsindikize hadi korongoni. Mzee huyu ana bunduki ya marisau namba 12, anayoimiliki kwa leseni. Huitumia kulinda mahindi yake, na mara chache kuwinda kwa kibali. Kwa desturi ya nchi yetu msimu wa uwindaji hufunguliwa tarehe 1 Julai, naye alitaka kuijaribu silaha yake kabla ya siku hiyo. Alikuwa amekwisha kutoa taarifa kwa polisi na kwa uongozi wa kijiji, na alikuwa amechagua mahali penye ukingo mrefu wa udongo nyuma ya shabaha, ili risasi isipite ikaenda isikojulikana. Tulikubali kwa sababu mbili: tulitaka kumheshimu, na, tukiri, tulikuwa na udadisi. Seminarini tulifundishwa falsafa na teolojia, bunduki hatukufundishwa.

Tulichojifunza siku ile ni hiki. Bunduki huitwa namba 12 kwa sababu risasi 12 za duara za madini ya risasi, zenye upana wa mtutu wake, kwa pamoja zina uzito wa ratili moja. Kwa kawaida mtutu wake ni laini ndani, nao hutema marisau mengi madogo yanayotawanyika. Lakini ipo pia risasi moja nzito, ya gramu 28 hivi, inayotumika kwa mnyama mkubwa. Mjerumani Wilhelm Brenneke alibuni ya namna hiyo mwaka 1898. Risasi hiyo ikitoka katika mtutu laini huenda vizuri kwa umbali mfupi, kisha huanza kuyumba. Ndiyo sababu ikatengenezwa mitutu yenye mifereji iliyochongwa kwa ndani kwa kuzunguka, mfano wa uzi wa parafujo. Risasi ikipita humo hulazimika kuzunguka, na kinachozunguka hutulia, kama pia ya watoto. Mzee wetu ana mtutu wa namna hiyo. Ukitia marisau ndani yake yatatawanyika vibaya. Ukitia risasi yake halali, itakwenda hata mita 100 kwa unyofu.

Basi mzee aliweka boksi la karatasi ngumu umbali wa mita 50, akachora duara kwa mkaa. Akalaza bunduki juu ya mifuko miwili ya mchanga, akapiga mara tatu. Matundu yalikuwa matatu, kila moja mahali pake, na hakuna hata moja lililogusa duara. Alinung'unika kwamba risasi ni mbovu. Kisha akatulia, akaanza kuchunguza jambo moja baada ya jingine, nasi tukatazama.

Kwanza, aligundua kwamba parafujo inayoshika alama ya kulengea ilikuwa imelegea. Bunduki ilikuwa ikisema uongo, na yeye alikuwa akiuamini.

Pili, alisafisha mtutu. Ndani ya ile mifereji mlikuwa na masizi ya baruti na mabaki ya plastiki, nayo mifereji iliyoziba haizungushi risasi ipasavyo.

Tatu, alituomba tumtazame yeye mwenyewe na si boksi. Tuliona kwamba kabla tu ya mlio alikuwa akifumba macho na kuvuta bega, kwa kuogopa teke la bunduki. Kosa hilo halikuwa la chuma. Alianza kupumua polepole na kukaza kifyatulio taratibu, pasipo kukikwanyua.

Nne, aliuacha mtutu upoe kati ya mlio na mlio, maana mtutu wa moto haupigi sawa na mtutu baridi, na mwindaji hukutana na mnyama mtutu ukiwa baridi.

Tano, alijaribu risasi za aina mbili, tatu tatu. Kila mtutu una risasi inayoupenda, alisema, na bei si kipimo. Aina moja ilikusanya matundu yake mahali ambapo kiganja kingeweza kuyafunika yote matatu. Yalikuwa bado nje ya duara, lakini pamoja. Hapo ndipo aliposogeza alama ya nyuma, kwa kuwa alama hiyo husogezwa kuelekea kule unakotaka risasi iende. Hakuwahi kuisogeza kwa ajili ya tundu moja. "Tundu moja ni bahati, Padre," alisema. "Matatu ndiyo tabia."

Ndugu zangu, hapo tungeweza kuishia na kuandika mahubiri mafupi. Wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba neno la Kigiriki la Agano Jipya linalotafsiriwa "dhambi" lina maana ya asili ya kukosa shabaha. Hata Kiebrania kina habari hiyo. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 20, kinasimulia juu ya watu 700 wa Benyamini wenye kutumia mkono wa kushoto, ambao kwa teo waliweza kupiga hata unywele. Na kitenzi kilichotumika kusema kwamba hawakukosa ni kile kile kinachotumika mahali pengine kwa kutenda dhambi. Tungesema basi: tusafishe mtutu wa roho kwa kitubio, tukaze parafujo zilizolegea, tuchunguze dhamiri kila jioni. Yote hayo ni kweli. Kosa la sentimita 5 kwenye mita 50 huwa sentimita 10 kwenye mita 100. Ndivyo upotovu mdogo unavyokua kadiri maisha yanavyosonga.

Lakini mzee alikuwa na neno lingine. Tulipokuwa tukirudi kando ya Mto Mkondoa alisema, "Mwaka huu sitaki kukosa, Padre."

Tukamwuliza kwa mzaha, "Kwani mwaka jana ulikosa?"

Alisimama. "Nilikosa. Nami namshukuru Mungu kila siku kwamba nilikosa."

Haya anayotuambia hayakuwa maungamo. Siri ya maungamo haiguswi na yeyote. Alituambia njiani, na ni yeye aliyetaka tuwaandikie. Mwaka uliotangulia, mwezi Mei, mahindi yakiwa yamekomaa, nguruwe walikuwa wameharibu karibu nusu ya shamba lake. Usiku mmoja alisikia mabua yakivunjika. Aliona kitu cheusi kikienda chini chini. Akalenga, akapiga. Kikakimbia. Asubuhi aliikuta risasi imezama katika shina la mwembe, hatua mbili kushoto kwa pale alipolenga. Na chini, kati ya kwato za ng'ombe, aliona alama za katambuga. Zilikuwa ndogo. Zilikuwa za mtoto aliyekuja kumtafuta ndama.

Kwa miezi kumi na mitatu hakumwambia mtu. Alifuta zile alama kwa jembe.

Mnajua ni kwa nini tulinyamaza tuliposikia. Wilaya yetu ya Kilosa haihitaji kufundishwa juu ya wakulima na wafugaji. Tarehe 8 Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa kwa siku moja. Risasi moja katika mwili wa mtoto mmoja ingeweza kuifungua tena njia ile. Na kilichoizuia ni parafujo iliyolegea.

Vitabu vya teolojia ya maadili tulivyosoma seminarini vina mfano wa kale. Mwindaji anaona kitu kinatikisika kichakani, asijue kama ni mnyama au mtu. Je, aweza kupiga? Jibu ni kwamba hawezi, hata ikiwa yaelekea sana kuwa ni mnyama. Mwenye shaka ya namna hiyo akipiga, amekwisha kukubali moyoni kwamba huenda anaua mtu. Tulipokuwa wanafunzi mfano huo ulituchosha. Tuliuona ni wa kutungwa na watu wasiotoka nje. Hatukujua kwamba ungetungojea Munisagara.

Kwa hiyo dhambi ya mzee wetu haikuwa kukosa shabaha. Kukosa kwake kulikuwa huruma ya Mungu. Dhambi ilikuwa kulenga kabla ya kujua. Tulimwambia hivyo, kwa upole kadiri tulivyoweza, na tukamwambia kwamba bunduki iliyorekebishwa vizuri mikononi mwa mtu aliyefuta alama za mtoto kwa jembe ni hatari kuliko bunduki mbovu. Hakukasirika. Aliuliza, "Nifanye nini?"

Siku ya pili alikwenda mwenyewe kituo cha polisi kueleza. Siku ya tatu tulikwenda naye kwenye boma la wale wafugaji. Baba wa mtoto alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kimya muda mrefu sana. Halafu akasema kwamba mtoto wake, tangu usiku ule, hakubali kwenda na mifugo jua likishuka, na kwamba hawakuwahi kujua ni kwa nini. Mtoto naye alikuwa amenyamaza, akiogopa kuadhibiwa kwa ajili ya ndama aliyeingia shambani. Hivyo watu wawili, mzee na mtoto, walibeba siri moja kutoka pande mbili za mto.

Hatukuambiwa kwamba amesamehe. Tulipewa maziwa, tukanywa. Wazee wa pande zote mbili wamekwisha kukutana mara mbili kuhusu njia ya mifugo kufika mtoni, na bado hawajakubaliana. Tunawaomba mwaombee. Mzee ameahidi kwamba hatapiga tena usiku, wala hatapiga kitu ambacho hajakiona chote. Mabati ya kugonga na zamu ya majirani ndiyo yatakayolinda mahindi gizani. Yatachosha, lakini bua la hindi likivunjika huota jingine mwakani.

Ndugu wapendwa, wengi wetu hatuna bunduki. Tuna ulimi, tuna simu, tuna kalamu ya kamati, tuna mamlaka ya mzazi au ya mwalimu. Nasi pia huona kitu cheusi kikienda chini chini: uvumi juu ya jirani, wasiwasi juu ya mke au mume, neno lililosikika nusu. Tunajisifu kwamba sisi husema ukweli moja kwa moja, kwamba hatukosi. Kabla ya kujifunza kutokukosa, tujiulize juma hili maswali matatu. Je, nimekiona chote ninachokilenga? Nyuma yake pana nini, iwapo neno langu litapita? Na je, ziko alama nilizofuta kwa jembe, ambazo mtu fulani bado anazibeba kwa hofu?

Swali la tatu likikupata, usingoje miezi kumi na mitatu. Milango ya kitubio i wazi kila Jumamosi jioni, na mlango wa jirani yako u karibu kuliko wetu. Anza na upi, dhamiri yako itakuongoza. Lakini pitia yote miwili.

Bikira Maria, Mama wa huruma, atuombee. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Ni sisi, Padre wenu.