Majina Ukutani

Mwaka jana mwanangu anayefanya kazi Ujerumani alitualika mimi na baba yake. Siku moja alitupeleka Rothenburg. Ni mji wa kale, uliozungukwa na ukuta wa mawe wenye minara.

Tulipanda ngazi, tukatembea juu ya ukuta. Mwanangu alitueleza kuwa tarehe 31 Machi, 1945, wakati wa vita, ndege zilipiga mji huu mabomu. Nyumba nyingi ziliungua. Sehemu ya ukuta ilibomoka. Baadaye watu wa nchi nyingi walichanga fedha, ukuta ukajengwa tena. Majina yao yameandikwa ukutani.

Mume wangu alipita. Mimi nilisimama. Zamani nilikuwa natia dole gumba. Nilijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, nikiwa na watoto wanne. Niliweka kidole kwenye jiwe, nikasoma herufi moja moja: jina la mtu, kisha Tokyo.

Mwanangu akauliza, "Mama, unajua Kijerumani?"

Nikamjibu, "Sikijui, baba. Lakini herufi nazijua."

Ndugu zangu, ni herufi zile zile za darasani kwetu. Tusiache kusoma.