Jahazi la Kizota na Hesabu za Uwiano

Ukisema unatengeneza jahazi hapa Kizota, watu wanacheka. Bahari iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Dodoma, sasa jahazi la nini? Langu ni la mezani, urefu wa sentimita 60, zana ya kufundishia nitakayokwenda nayo field. Ndani yake kuna hesabu ambayo wanafunzi wengi wanaikariri bila kuielewa: uwiano.

Jambo lenyewe ni hili. Jahazi ni nene katikati, omo na tezi ni jembamba. Ukibandika vibao vyote kwa upana uleule, katikati vinakaa vizuri, lakini kule omo vinagombania nafasi: vingine vinapandana, vingine vinakunjwa mpaka vinavunjika. Na seremala wa mtaani aliyenipa mabaki ya mbao hana mengine. Kwa hiyo kabla ya kugusa gundi, unagawa kwanza.

Langu lina vibao 12 kila upande. Nilizungusha ukanda wa karatasi kwenye taruma la katikati, yaani ubavu wa jahazi, kuanzia mkuku hadi ukingo wa juu: milimita 120. Taruma la karibu na tezi, 96. La karibu na omo, 84. Gawa kwa 12: kibao kilekile kina milimita 10 katikati, 8 nyuma na 7 mbele. Idadi haibadiliki, upana ndio unaobadilika.

Hata kikokotoo hakihitajiki. Chukua daftari la hesabu lenye viboksi vya nusu sentimita, hesabu viboksi 12, kisha laza ukanda mshazari: ncha moja mstari wa kwanza, nyingine mstari wa 13. Kila mstari unapoukata ukanda, weka alama. Ukanda mrefu unalala zaidi, mfupi unasimama zaidi, yote inatoka sehemu 12 sawa. Hamishia alama kwenye taruma, ziunganishe kwa uzi, halafu chungulia kutoka omo. Uzi ukionyesha kigongo, sogeza alama kidogo mpaka mstari unyooke vizuri machoni.

Mafundi wa majahazi wa pwani yetu, kwa desturi, hutanguliza mbao za chini ndipo mataruma yafuate. Wao kila ubao huchongwa kumfuata jirani yake, na jicho ndiyo rula. Sisi tunaoanza na mataruma tunaomba msaada wa karatasi.

Mtoto wa mwenye nyumba wangu yuko kidato cha pili na alishaamua kwamba hesabu si zake. Alisimama mlangoni akauliza, "Dada, mbona mbele unavibania?" Sikumweleza. Nilimpa ukanda na daftari. Akapima taruma la pili kutoka omo, milimita 90, akaweka alama, akapata 7.5. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe kila ubavu unagawa ulicho nacho."

Wapo wenzetu wanaosema zana ni za kumfurahisha msimamizi akija kukagua. Mimi nasema ni za yule wa nyuma darasani aliyeshajitoa. Na si lazima iwe jahazi. Mtungi, kikapu, hata boga: chochote chenye tumbo nene kinagawika hivyohivyo.