Nyayo za Babu Hadi Kakamega

Safari ya babu yangu, msomaji, yaanzia stesheni ya Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901. Alishuka garimoshi akitoka Muhoroni, na kilomita 50 hivi zilizosalia akazimaliza kwa miguu. Mimi nilipanda matatu Kondele. Tukapita Mamboleo, tukapanda Kiboswa, kisha Majengo, Mbale na Chavakali. Yeye alilala njiani. Mimi nilifika kabla ya chakula cha mchana.

Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1931, na wazungu wakamiminika na mahema yao. Desemba 1932 serikali ikaibadilisha sheria ya ardhi ya 1930: mwenye shamba angeweza kuondolewa kwa fidia ya pesa tu, bila kupewa ardhi nyingine. Nyumbani, babu alitusimulia habari za mshahara na koleo. Kuhusu wenye mashamba hakutamka neno.

Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini akina mama bado wanaponda mawe huko. Nilimwuliza mzee mmoja boma lao lilikuwa wapi zamani hizo. Akaninyoshea kidole shimo lililojaa maji.